Kleopatra Aliyenyimwa Kufa

Vijana wangu wa kamera, nywele na mavazi, mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi, na mmoja wenu akaongeza kwamba niwe mfupi. Nimestaafu, nina kiti kizuri barazani hapa Nyakato na sina pa kuwahi, kwa hiyo hilo la ufupi tuliache. Kilichonistaafisha ni mkono wa kulia. Mpambaji wa nyuso anaweza kuumwa mgongo, anaweza hata kusikia kwa shida, lakini mkono ukianza kutetemeka wanja unapinda, na malkia mwenye wanja uliopinda anaonekana kama katoka kupigwa.

Kazi niliianzia saluni ya Mama Rehema, pale Kirumba, nikiwa binti. Mama Rehema alipamba maharusi wa pande zote za mji. Siku yangu ya kwanza bibi harusi alilia, wanja ukamshuka shavu la kushoto hadi kidevuni, na gari la kumpeleka kanisani lilikuwa linapiga honi nje. Mimi nilitafuta kitambaa. Mama Rehema hakutafuta chochote. Alichukua brashi, akauchora mstari uleule kwenye shavu la kulia ili pande zifanane, akasema, "Nenda mwanangu, huu ndio mtindo wa Dar." Wiki iliyofuata walikuja maharusi wengine wakiutaka mtindo ule. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kabla hujamgusa mtu uso, muulize amelala vipi na amegombana na nani. Mpaka leo sijaona poda inayofanya kazi vizuri kama majibu ya maswali hayo.

Bwana Mashauri alikuja pale saluni kunitafuta mimi. Nyote mnamjua, ila mnamjua akiwa mzee mwenye kofia. Wakati huo alikuwa mpiga video za harusi, na alikuwa amechoka. Alisema amepiga picha za keki nyingi mno, sasa anataka kupiga picha ya kitu kikubwa. Alikuwa amesoma habari za Kleopatra, malkia wa Misri, na hakulala.

"Natafuta mtu wa kumgeuza mwalimu wa sekondari awe malkia wa Misri," aliniambia.

"Misri iko mbali, Bwana Mashauri."

"Iko mbali kwa nchi kavu. Kwa maji ni hapahapa. Mto Naili unatoka kwenye ziwa hili. Maji aliyooga Kleopatra yalipitia kwetu kwanza."

Aliyemjibu alikuwa mwalimu mwenyewe, aliyekaa kwenye benchi mlangoni. Jina lake Adelaida, Mhaya wa kule Bukoba, akifundisha historia Misungwi. Alikuwa mrefu, na alisimama kama mtu ambaye nguo zake zinapigwa pasi akiwa amezivaa.

"Maji yanatoka hapa yanakwenda kule," alisema. "Hayarudi."

"Ndiyo maana nasema," alijibu Mashauri. "Sisi ndio tulioanza."

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yote, na kwa hoja hiyo tulitengeneza Kleopatra mara tano.

Niwaambie kidogo kuhusu vifaa, maana ninyi mnaagiza kila kitu kwa simu. Taji la kwanza la malkia lilikuwa kifuniko cha sufuria, nilichokikata, nikakikunja na kukivisha karatasi ya kung'aa ya maua ya harusi. Yule nyoka wa mbele ya taji nilimtengeneza kwa mpira wa tairi la baiskeli, na alikuwa na tabia ya kuinama malkia anapokasirika. Wigi lilikuwa rasta nilizozishona juu ya soksi ndefu. Kofia za askari wa Kirumi zilikuwa mabakuli ya plastiki yenye brashi za kufulia juu yake. Shida haikuwa kofia, shida ilikuwa sketi. Askari wa Kirumi huvaa sketi, na vijana wa Nyakato walisema wako tayari kufa vitani lakini si katika sketi. Tulikubaliana wavae kaptura kwa ndani, na mnaweza kuziona katika kila vita, kaptura za bluu za shule.

Joto la ziwani ni adui wa wanja. Dawa yake ni poda chini, wanja katikati, poda tena juu, halafu mwigizaji asicheke. Adelaida hakuwa na shida ya kucheka. Shida yake ilikuwa nyingine, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Siku tuliyokutana, nilimuuliza maswali ya Mama Rehema. Alisema amelala vizuri na hajagombana na mtu. Kisha akaniambia, akijitazama kwenye kioo, "Mama Kabula, mimi nimekubali kazi hii kwa sababu moja. Kile kifo. Miaka yote nawafundisha watoto jinsi Kleopatra alivyokufa, amevaa taji, amejichagulia mwenyewe, na watoto wanasinzia. Nataka nife vizuri mara moja, mtu alie."

Nilidhani ni jambo dogo. Mtu akitaka kufa kwenye filamu, anakufa. Ni kulala tu na kufumba macho.

Filamu ya kwanza tuliifanyia Kigongo. Siku hizi kuna daraja, malkia angepita kwa bodaboda, lakini wakati ule kulikuwa na kivuko cha kwenda Busisi, na Mashauri alitaka kiwe merikebu ya Kleopatra akienda kumlaki Antoni, jemadari wa Roma. Hatukukikodi, tulikata tiketi kama watu wengine. Malkia alisimama mbele kabisa, nyuma yake kuna lori la pamba, na mpiga kamera aliambiwa aelekeze kamera juu. Basi katika sehemu ile mnamwona Kleopatra kuanzia mabegani, na mbingu nyingi sana. Mama mmoja mwenye jogoo alimwendea katikati ya kazi, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, malkia." Adelaida hakutoka kwenye uigizaji. Akamjibu, "Marahaba. Watu wako hawajambo?" Mashauri aliiacha, na ndiyo sehemu iliyopendwa kuliko vita vyote.

Kikaja kifo. Adelaida alisema vitabu vinataja nyoka mdogo, wa kuingia kwenye kikapu cha matunda. Mashauri akamuuliza, "Watu wa nyuma kwenye kibanda cha video watamwona vipi?" Hivyo tuliletewa chatu. Mwenye chatu alikuwa Mzee Masunga wa upande wa Magu, mcheza ngoma ya nyoka, mtu mpole aliyezungumza na chatu wake kwa Kisukuma na kumwita Mhasibu, kwa sababu akishameza hasemi. Asubuhi ile Mhasibu alikuwa amemeza kuku. Tulimlaza kifuani pa malkia, na akalala kweli. Mashauri alimwomba Mzee Masunga amwamshe. Mzee Masunga alisema, "Mkubwa, wewe ukitoka kula pilau unaamshwa?"

Tulisubiri. Mhasibu alipoinua kichwa jua lilikuwa limeshuka, Adelaida akavuta pumzi ya kuanza kufa, na betri ya kamera ikafa kabla yake.

Mashauri hakuwa na nyingine. Filamu ikaishia pale, malkia amekumbatia chatu, macho wazi. Katika vibanda vya video kuanzia Kirumba hadi visiwani watu waliona Kleopatra na chatu wamepatana, wakafurahi, wakaanza kudai sehemu ya pili.

Sehemu ya pili tuliifanyia kwenye mawe ya ufukweni. Safari hii betri zilikuwa za kutosha, na Mhasibu alikuja na njaa. Adelaida alilala juu ya jiwe, akasema maneno yake, akafumba macho. Nilianza kuona dalili za kulia mwenyewe. Ndipo wakaja wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka juu ya maji kama moshi. Wingu zima lilitufikia. Walituingia puani, walituingia masikioni, jemadari wa Roma alikimbia na sketi yake mkononi. Adelaida, namsifu, hakusogea. Alivumilia, akavumilia, kisha maiti ikapiga chafya.

"Tutarudia," alisema akiwa bado amefumba macho.

"Haturudii!" Mashauri alikuwa anaruka kwa furaha. "Amefufuka! Nyoka ameshindwa! Umeona?"

"Mashauri, nataka kufa."

"Utakufa sehemu ya tatu, mwalimu. Nakuahidi."

Sehemu ya tatu ilifadhiliwa na mwenye ukumbi wa harusi, na mwenye ukumbi wa harusi hawezi kutoa fedha zake mtu akafa. Kwa hiyo Kleopatra alikimbia Misri, akafuata mto hadi ziwani, akaolewa na mfugaji wa Usukuma. Tulikuwa na kundi la ng'ombe wa mahari, na ng'ombe mmoja alikula sehemu ya wigi. Adelaida alicheza harusi yake mwenyewe kwa uso wa mtu anayehudhuria mkutano wa wazazi. Watu walipenda mno. Walisema ndivyo malkia anavyokuwa, hachekicheki.

Ya nne ilikuwa ya kwaya ya kanisa. Mashauri alimwahidi tena, na nilikuwepo akimwahidi. Lakini mwalimu wa kwaya aliposoma mwisho wa hadithi aliweka karatasi mezani taratibu. Alisema Kleopatra akishaokoka katika wimbo wa pili, hawezi tena kujiua katika wimbo wa tano. Nyoka atoke. Tukampiga picha Mhasibu akitolewa nje ya jumba la kifalme huku waimbaji wanapunga mikono, na Mzee Masunga anamfuata akimpa pole.

Nikiwa namfuta wanja jioni ile, Adelaida aliniambia, "Hata kanisani wameninyima kufa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa Mkatoliki mzuri, mwalimu aliyeheshimiwa, mama wa watoto waliosoma, na kitu alichokitaka kwa ajili yake peke yake kilikuwa hicho tu. Nilianza kukitaka pamoja naye.

Halafu miaka ikapita. Vibanda vya video vilifungwa kimoja kimoja, watu wakahamia kwenye simu. Adelaida alistaafu ualimu, akabaki Misungwi na migomba yake aliyoipanda imkumbushe kwao Bukoba. Mzee Masunga alifariki, mwanawe akarithi ngoma na chatu wengine. Mimi nilirudi kwenye maharusi, nikawa Mama Rehema wa Nyakato, na mkono ukaanza.

Mwaka jana Mashauri alinipigia simu. Anafanya Kleopatra ya mwisho, ya kuoneshwa kwenye simu vipande vipande, na malkia ni Neema, binti wa hapa Nyakato anayefuatwa mtandaoni na watu wengi kuliko kwaya zote za kanda. Niliuliza kama Adelaida anajua. Akasema anatafuta namna ya kumwambia. Hakuwahi kuipata, maana watu wa Misungwi walimwahi, na siku ya pili mwalimu alikuwa sebuleni kwa Mashauri, na mimi nimeitwa kama shahidi.

"Sijaja kugombania taji," alisema Adelaida. "Taji lako lilikuwa kifuniko cha sufuria. Nimekuja kuchukua kifo changu."

"Mwalimu, kifo kiko kwa Neema. Ndiye malkia."

"Kifo ni changu. Uliniahidi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne."

Mashauri alivua kofia. "Sawa. Neema awe Kleopatra kijana. Wewe uwe Kleopatra mzee, ufe."

Hapo mwalimu wa historia aliamka ndani yake, nikaona akipigana naye. "Kleopatra alikufa hajafika arobaini," alisema kwa shida. "Mimi nina wajukuu."

"Alizeeka haraka," alisema Mashauri. "Vita, Warumi, wanaume. Wewe hukuwahi kuona mtu aliyezeeka haraka?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Adelaida aliiacha historia ipite. "Nimewaona," alisema.

Nilimwogopa Neema kabla ya kumwona, nikidhani ataleta maringo. Alikuja amebeba viti vya plastiki, akatuamkia, "Shikamooni," kisha akamwambia Adelaida kwamba bibi yake alikuwa akimpeleka kibandani kumtazama, na kwamba wao nyumbani walicheza Kleopatra kwa kutumia mnyororo wa baiskeli kama nyoka. Akaomba awe mjakazi wa malkia katika sehemu ya kifo, ili aone kwa karibu. Adelaida alisema atafikiria, na alikuwa ameshakubali.

Tulipigia picha asubuhi, kwenye mawe, karibu na akina mama wanaoanika dagaa. Nilimkalisha Adelaida chini ya mwavuli. Nilipoinua brashi, mkono wangu ulitetemeka vibaya kuliko siku zote. Neema aliona, akasema kwa adabu, "Mama, nikusaidie?"

"Hapana," alisema Adelaida. Akanyoosha mikono yake miwili, akanishika kifundo cha mkono, akakikaza. "Nipake. Mimi nakushika." Basi nikauchora wanja wa mwisho wa kazi yangu huku malkia mwenyewe ameubeba mkono wangu. Ulinyooka kuliko yote. Sikumuuliza maswali ya Mama Rehema, nilijua hakulala.

Mashauri akasema anza. Chatu mpya, kijana, alifanya kazi yake kwa bidii ya mtu aliyeajiriwa juzi. Malkia alilala jiweni, Neema amepiga magoti pembeni. Ndipo akatua korongo mmoja, wa wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, aliyefuata dagaa. Akasimama karibu na kichwa cha malkia kama daktari. Nilimwona Mashauri akifungua mdomo kusema kata. Nikajua tumenyimwa tena.

Adelaida aligeuza kichwa, akamtazama korongo. "Umekuja kunichukua?" akamwuliza. "Ngoja niage."

Mashauri akafumba mdomo.

Maneno ya Mashauri yalikuwa kuhusu Roma na nyota. Adelaida hakuyasema. Alimshika Neema mkono, akaanza kuaga kama wanavyoaga mama zetu. "Jembe la jirani lirudishwe, lilikaa sana kwetu. Kuku wafungiwe mapema, kicheche anazunguka. Watoto wasigombanie nyumba. Kama Antoni akija, msimfukuze, mpeni chakula, alikuwa mjinga tu, hakuwa mbaya."

Akina mama wa dagaa waliacha kazi. Mmoja wao, mnene, kanga kiunoni, alishindwa kujizuia. "Na shamba je, malkia?"

"Shamba lisiuzwe," alisema Adelaida. "Lenye migomba, hasa, lisiuzwe."

"Haliuzwi, mama!" alijibu yule mama, machozi yanamtoka. "Pumzika."

Adelaida akapumzika. Hakufumba macho haraka. Alilitazama ziwa, upande ambako maji yanakwenda, akaachia pumzi moja ndefu, na mkono wake ukafunguka ndani ya mkono wa Neema. Neema alilia kwa sauti kabisa, kilio ambacho hakikuandikwa popote. Hata korongo alirudi nyuma hatua. Chatu alikwenda zake kwenye dagaa na hakuna aliyemzuia. Mashauri hakusema kata. Alikuwa amekaa chini na kofia usoni, na ilibidi mpiga kamera aamue mwenyewe kwamba malkia wa Misri amekwisha kufa.

Adelaida alilala vile mpaka nilipomgusa bega. Akafungua jicho moja. "Kuna mtu amelia?"

"Wote, mwalimu."

"Hata Mashauri?"

"Yeye hajamaliza."

Akafumba tena jicho, akaendelea kufa kidogo, kwa raha zake.

Kipande kile kilisambaa kwenye simu. Jumapili iliyofuata alinialika chai kwake Misungwi. Tulikuwa tumekaa ukumbini tuliposikia watu nje. Nilichungulia nikawaona akina mama wa dagaa, yule mnene mbele, na nyuma yao akina mama wa Misungwi, wamejifunga kanga, wamebeba unga, maharage, sukari na mkungu wa ndizi. Walikuwa wanakuja polepole, bila kuzungumza, kama watu wanavyokwenda msibani.

"Hodi," alisema yule mama mlangoni. "Tumekuja kutoa pole."

Adelaida alimtazama. "Pole ya nini? Mimi si mnaniona?"

"Wewe tunakuona. Tumekuja kwa ajili ya malkia. Amekufa vizuri mno, na hatukujua ndugu zake wako wapi. Tukasema angalau tuje hapa."

Nilingoja acheke, maana mimi nilikuwa nimeuma kanga nisicheke. Mama mmoja wa nyuma naye alikuwa anaficha tabasamu, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Adelaida hakucheka. Aliingia chumbani, akakaa huko kidogo, akatoka amejifunga kanga nyeusi na kitambaa kichwani. Akatandika mkeka, akakaa chini katikati yao, mgongo umenyooka.

Waliimba. Walisali kidogo. Wengine walienda jikoni, nikasikia sufuria zinatafutwa. Kisha yule mama mnene akauliza, kama inavyoulizwa, ni nani mfiwa ili wamshike mkono.

"Ni mimi," alisema Adelaida. "Nilikuwa naye miaka mingi."

Wakajipanga, wakamshika mkono mmoja mmoja, na mimi nikajipanga nao.